Jina Lililo Juu ya Lango

Tanningford, Suffolk
4 Oktoba 1970

Dada Dora,

Salamu zikufikie huko New Zealand, wewe na Shemeji Alec na Janet. Natumaini kondoo wanazaa bila matatizo na mgongo wa shemeji umetulia. Mimi sijambo, ukiacha goti la kushoto ambalo sasa linajua habari za mvua kabla ya redio. Cutting wa baa ya Kengele anakusalimu, anasema hajasahau ulivyomsukuma mtoni akiwa na suti. Ule mti mkubwa wa mwerebi karibu na mlango wa maji wa mto ulianguka mwezi uliopita. Bustani imezaa maharage hadi nayaacha kwenye milango ya watu na kukimbia.

Sasa niseme kilichonifanya nikae mezani Jumapili badala ya kusinzia.

Ulipoondoka hapa mwaka arobaini na saba, jina la Garrod lilikuwa letu, na la yule mchoraji aliyezikwa kanisani, basi. Leo hulitambui. Tangu magazeti ya London yaanze kuzisifu picha zake za mto na mierebi, kila mtu hapa amekuwa na njaa ya jina hilo. Kuna Mkahawa wa Garrod. Kuna Soseji za Garrod, ambazo nakuhakikishia marehemu hakuwahi kuzionja. Shule ni Garrod, nyumba mpya za kule malishoni ni Mtaa wa Garrod, na mke wa daktari amempa mbwa wake jina hilohilo. Mbwa akiitwa barabarani, mimi ndiye ninayegeuka.

Na vibao vyote hivyo nimeviandika mimi, kwa mkono huu. Kazi ni kazi, sikulalamika.

Ila sasa wamenigeukia. Kuna chama kinaitwa Marafiki wa Nathaniel Garrod, na katibu wake ni Bi Hallam, aliyehamia hapa kutoka London miaka saba iliyopita. Ameniandikia barua. Eti wageni wanaona GARROD juu ya lango la karakana yangu, wanadhani ndiyo makumbusho. Hilo ni kweli. Juzi Mmarekani mmoja alinikuta nakula mkate na jibini, akaniuliza kama mchoraji yupo. Nikamwambia alikufa mwaka 1839. Akaniuliza, "Na wewe?" Nikamwambia bado.

Sasa Bi Hallam anataka nishushe kibao. Tena Cutting amenipa kazi ya kuandika bango jipya la baa, maana nayo inaacha kuitwa Kengele na kuitwa Garrod, na huyo mama anataka nisitie sahihi yangu kwenye kona ya chini kama tunavyofanya mafundi wote, "ili kuepusha mkanganyiko". Unajua karakana ni mali ya baraza la kijiji na mkataba unakwisha Machi. Wamesema kwenye mkutano wa tarehe 27 Februari wataamua: ama nilete ushahidi kwamba sisi ni wa damu ya mchoraji, ama kibao kishuke, la sivyo mkataba hauongezwi.

Ushahidi tunao. Sisi ni uzao wa kaka yake, baba alisema hivyo maisha yake yote, na babu naye aliitwa Nathaniel. Imeandikwa kwenye Biblia ya ukoo uliyoondoka nayo. Nipigie picha ule ukurasa wa mbele wenye majina ya waliozaliwa, au ulete wenyewe. Ni hilo tu.

Ndugu yako,
Wilf


Oamaru, New Zealand
1 Novemba 1970

Mdogo wangu Wilf,

Barua yako nimeipata na nimemsomea Alec kwa sauti, amecheka mpaka mgongo ukamrudia. Kondoo wamezaa vizuri, ingawa tulipoteza wanane kwa baridi ya siku moja iliyokuja bila kutarajiwa. Janet amebadilisha kazi, sasa yuko benki, na ana kijana anayemtembelea ambaye haongei. Nimepanda waridi upande wa jikoni. Huo mwerebi ulioanguka umenisikitisha kweli, ndio niliokuwa nakatia matawi ya shada.

Hilo goti lipeleke kwa daktari, mbwa wake aitwe atakavyoitwa.

Kuhusu kibao, sijui kwa nini unajipa presha. Andika "W.G., Mwandika Vibao". Kijiji kizima kinajua W.G. ni nani. Atakufa nani? Umri wako si wa kupigana na akina mama wa London. Biblia imo ndani ya sanduku, sanduku limo darini, na dari linavuja, kwa hiyo sitaki kumpandisha Alec huko na mgongo wake.

Kula vizuri. Maharage chemsha na vitunguu, yasikuishie kwenye milango ya watu.

Dada yako,
Dora


Tanningford
22 Novemba 1970

Dada Dora,

Salamu. Nafurahi kusikia habari za waridi. Huku kila kitu kimelowa. Binti wa mchungaji ameolewa, keki ilikuwa kavu.

Nimekuuliza habari za Biblia, umenijibu kondoo. Nasema kwa heshima, wewe ni mkubwa wangu, lakini imeniudhi.

Atakufa nani, unasema. Basi nikueleze. Miaka arobaini na tano nimeandika majina ya watu wengine. Kila bucha, kila mkokoteni wa maziwa, kila baa kutoka hapa hadi pwani. Langu liko sehemu mbili tu: juu ya lango, na kwenye kona ya chini ya kila bango, herufi ndogo kama punje ya ngano. Unaniambia nizifute zote mbili kwa sababu dari lako linavuja. Kama linavuja, si ndiyo sababu zaidi ya kuitoa Biblia humo?

Bi Hallam alipita jana. Haniiti Bwana Garrod tena, unajua? Ananiita Bwana Wilfred, kama mtumishi wa ndani. Alisimama langoni na mwavuli wake.

"Bwana Wilfred, tunakuheshimu sana. Lakini lazima uelewe jina hili sasa ni la watu wote."

"La watu wote isipokuwa mimi?"

"Hatujasema hivyo. Tunaomba karatasi tu."

"Wenye soseji walileta karatasi gani?"

Akasema soseji hazidai undugu. Hilo linaniuma mpaka sasa.

Kwenye baa nimeshawaambia wote ushahidi unakuja. Cutting amewaambia ambao hawakuwepo. Kwa hiyo huoni kama sasa ni lazima ukurasa uje? Mpandishe darini huyo kijana asiyeongea.

Wilf


Oamaru
27 Desemba 1970

Mdogo wangu,

Krismasi imepita salama. Joto kali, tulikula kuku baridi nje chini ya turubai, na Alec alivaa kaptura mbele ya mchungaji. Kijana wa Janet anaitwa Colin na ameanza kuongea, sasa natamani anyamaze. Soksi ulizotuma ni nzuri ila kwa joto hili nimezificha mpaka Juni.

Wilf, nimeitafuta na sikuiona. Vitu vingi viliharibika tulipohama kutoka shamba la kwanza. Usiitegemee.

Halafu nikuulize kitu. Umewahi kujiuliza kwa nini babu hakutia sahihi kwenye kibao hata kimoja? Baba alitia, wewe unatia. Babu aliandika nusu ya vibao vya wilaya ile na hakuna mahali aliweka jina. Hakuwa mtu wa kujitamba kwa jina hilo. Mama hakukuambia kitu kabla hajafa? Nauliza tu.

Tafadhali usiende kwenye mkutano huo ukasema mambo makubwa. Sema wewe ni fundi wa siku nyingi na unaomba wakuache. Watu wanamhurumia mzee.

Nakupenda, hata ukinuna.
Dora


Tanningford
10 Januari 1971

Dora,

Mimi mzima. Theluji imefika magotini. Hizo ndizo salamu.

Kadi ya Krismasi ya Janet imefika jana, imechelewa, ina mwandiko mzuri kama wako zamani. Anasema, nainakili kama ilivyo: "Mama ameichomeka kadi yako ndani ya ile Biblia kubwa ya zamani iliyo juu ya kabati la vyombo, mahali anapoweka vitu asivyotaka vipotee."

Juu ya kabati la vyombo! Si darini, si kwenye sanduku, haijaharibika shamba la kwanza. Iko hapo unapochukulia sahani.

Sijui nikuambie nini. Nina miaka sitini na moja na dada yangu wa pekee duniani ananidanganya kuhusu kitabu. Kama hutaki kunisaidia, sema hutaki. Kama unaona jina si kitu kwa sababu wewe ulipata jipya la Muir siku ya harusi, sema. Mimi sikuoa, sikupata mtoto, na nikifa jina hili hapa Tanningford litabaki kwenye soseji na kwa mbwa. Nataka walau lisishuke langoni nikiwa bado napita chini yake.

Umeniuliza kwa nini babu hakutia sahihi. Alikuwa mnyenyekevu, ndiyo sababu. Yeye ndiye aliyenishika mkono nikiwa na miaka sita na kunifundisha kuvuta herufi G kwa brashi bila kuinua. Usimwingize babu kwenye visingizio vyako.

Posta wanasema watagoma mwezi huu. Ukurasa huo utume leo, au usinitumie chochote tena.

Wilf


Oamaru
18 Januari 1971

Mdogo wangu Wilfred,

Umenishika. Janet hana kosa, usimlaumu.

Ndani ya bahasha hii umo ukurasa wenyewe. Nimeukata kwa wembe wa Alec bila rula, kwa hiyo ukingo umekwenda kombo. Usome kwanza, kisha urudi kwenye barua hii.

Umeona. Ni mwandiko wa babu, zile herufi zake huwezi kuzikosea. "Nathaniel Garrod. Niliokotwa Machi 1851 kwenye Ukingo wa Garrod, kando ya mlango wa maji, nikiwa na umri wa siku chache. Jina nilipewa kwenye nyumba ya maskini. Mama simjui." Na chini yake ndiye baba, kisha mimi, kisha wewe.

Walimpa jina la pale alipookotwa, mahali ambapo mchoraji alikuwa akiweka kiti chake kuchora. Hakuna kaka wa mchoraji. Hiyo hadithi aliitunga baba, akiwa kijana nadhani, na mwisho aliiamini.

Mama aliniambia wiki ile ya safari, tunakunja mashuka. Akanipa Biblia, akasema, "Iende nawe mbali, Wilf asiione. Anajivunia mno." Nikabeba. Miaka ishirini na tatu nimeipangusa vumbi na kuiogopa.

Nitakuambia kwa nini sikusema, ingawa haitatosha. Unakumbuka kila Mei kijiji kilikuwa na desturi ya mtoto wa Garrod kuweka shada la mwerebi juu ya kaburi la mchoraji? Nilikuwa mimi, miaka saba mfululizo, na kigauni cheupe, bendi ikipiga, na mwalimu mkuu akisema, "Tazameni, damu yake mwenyewe." Nilikuwa mtoto wa fundi mwenye viatu vya kurithi, na siku moja kwa mwaka nilikuwa malkia. Babu alikuwa akisimama nyuma kabisa, karibu na geti, kofia mkononi. Kila mwaka. Nilidhani anafurahi.

Aibu yangu si kwamba aliokotwa. Aibu yangu ni kile kigauni. Sikuweza kukiandika kwenye karatasi mpaka leo, na nimekuacha wewe uchekwe badala yangu.

Usiende kudai damu, Wilf. Nakuomba.

Dada yako,
Dora


Oamaru
20 Februari 1971

Wilf,

Redio inasema posta ya Uingereza yote imefungwa tangu tarehe 20 ya mwezi uliopita. Barua yangu ya tarehe 18 imekaa kwenye gunia mahali fulani, na mkutano wako ni Jumamosi ijayo. Naandika hii nayo ikalale juu ya mwenzake.

Nilipiga simu baa, maana wewe huna. Ilichukua siku mbili kupata laini. Cutting alipokea, anapiga kelele kama mtu anayeniita ng'ambo ya mto. "Dora! Niambie, nitamfikishia neno kwa neno!" Watu walikuwa wanacheka nyuma yake. Nikamwambia akusalimu. Siwezi kumpa mwenye baa jambo nililoshindwa kumpa ndugu yangu.

Nilikata simu nikakaa jikoni nikalia, na Alec akaja na chai bila kuuliza. Ningekuwa na akili ningemwambia Cutting akuite uje unisubiri kwenye simu. Hilo lilinijia nikiwa naosha vyombo. Nikampigia tena, laini haikupatikana, wala kesho yake.

Sina salamu nyingine.
Dora


Tanningford
14 Machi 1971

Dada Dora,

Salamu kwa Shemeji na Janet, na kwa Colin kama bado anaongea. Goti ni lilelile. Theluji imeyeyuka na mto umejaa hadi kwenye ngazi za Cutting.

Mgomo uliisha Jumatatu. Alhamisi mleta barua alinimwagia bahasha kumi na saba mlangoni, mbili zako. Nimezisoma zote mbili nimesimama. Zimechelewa siku kumi na mbili.

Nikuhadithie basi, maana hukuwepo.

Mkutano ulikuwa kwenye ukumbi wa kanisa saa tisa mchana. Watu walijaa kuliko Krismasi. Nilivaa suti ya mazishi. Cutting alikuwa ameniletea salamu zako mara tatu kwa siku, nikadhani zina maana ya "ukurasa uko njiani". Nikasimama mbele ya kijiji kizima nikasema sisi ni uzao wa kaka wa Nathaniel Garrod, ushahidi umekwama posta, na aliye na shaka anitazame usoni. Nilipigiwa makofi. Nakuambia hili ujue nilikuwa juu kiasi gani kabla ya kuanguka.

Ndipo Bi Hallam akasimama na karatasi. Hakuwa na furaha, nimtendee haki, alikuwa amepauka. Alikuwa amekwenda mjini kwenye kumbukumbu za wilaya akanakili daftari la nyumba ya maskini ya mwaka 1851. Akasoma. Mtoto wa kiume, siku chache, ameokotwa Ukingo wa Garrod ndani ya kapu la samaki, amefungwa sketi ya mwanamke. Hilo la kapu na sketi hata babu hakuliandika.

Hakuna aliyecheka. Ningependelea wangecheka. Birika kubwa la chai lilianza kupiga mluzi na hakuna aliyekwenda kulizima. Nilikaa chini. Nilimfikiria babu anavyonishika mkono kuvuta ile G, na nikaona kwamba alikuwa ananifundisha herufi ambayo yeye alipewa kama nguo za msaada. Nilitaka kutoka nje lakini kutoka ilibidi nipite mbele ya safu tatu za magoti.

Mwenyekiti akauliza, kama wanavyouliza siku zote, "Kuna swali?"

Nikasimama. Naapa sikujua naenda kusema nini.

"Bi Hallam, tafadhali soma tena mstari wa mwisho."

Akasoma: "Amepewa jina Nathaniel Garrod kwa uamuzi wa baraza la kijiji."

"Kijiji gani?"

"Tanningford."

"Bwana Mwenyekiti, baraza hilo ndilo hili?"

Mzee wa watu akatazama kushoto na kulia, akasema, "Nadhani ndilo."

"Basi jina hili mlitupa ninyi. Mimi sikujua mpaka dakika tano zilizopita, na ninyi hamkujua, lakini limeandikwa. Wengine wote humu mmelichukua wenyewe. Mwenye soseji amelichukua. Mkahawa umelichukua. Daktari, samahani, mbwa wako amelichukua. Sisi peke yetu ndio tuliopewa. Mtoto mchanga kwenye kapu, hamkuwa na kingine cha kumpa, mkampa hilo. Sasa nani kati yenu atainua mkono wa kumpokonya?"

Dora, haukuinuka mkono hata mmoja.

Ungedhani basi yameisha. Hujui mabaraza. Mwenyekiti akasema jambo hili ni zito na halikuwemo kwenye ajenda kwa sura hiyo, kwa hiyo linaahirishwa hadi Mei, na kamati ndogo itaundwa. Mkataba umeongezwa kwa miezi mitatu. Miezi mitatu! Wenye kulia walikuwa wanapangusa macho, kisha wote wakaenda kunywa chai.

Na Bi Hallam alinifuata nilipokuwa nachukua koti langu. Aliniita Bwana Garrod, hilo nimsifu. Kisha akasema hadithi ya babu ni ya ajabu sana, wageni wataipenda, na kama ukurasa wa Biblia utafika anauomba kwa ajili ya makumbusho, ndani ya kasha la kioo, pamoja na kapu kama lile. Na kadi za posta. Walitaka kuninyima jina kwa sababu hatukuwa wa damu, na sasa wanataka kumuuza babu kwa sababu hakuwa wa damu. Nilimwambia ukurasa nadhani umepotea na mgomo.

Kwa hiyo nimedanganya kuhusu kitabu kilekile. Umeniambukiza.

Bado nimekukasirikia, sitaki ukisoma hapa udhani yameisha. Ulikuwa na miaka ishirini na tatu ya kuniambia, na barua mia. Ungeniambia Oktoba, ningelilia jikoni kwangu, peke yangu, na mkutanoni ningekwenda nikiwa najua. Badala yake nilijua mbele ya mwenye bucha. Hilo sitalisahau, na sitajifanya nimelisahau. Lakini lile la kigauni nimelisoma mara nne. Ulikuwa mtoto, Dora. Na babu hakusimama pale getini kwa aibu. Mimi nilikuwa nashika mkono wake miaka miwili ya mwisho, nilikuwa na miaka mitano na sita. Alikuwa anaimba na bendi, chini chini, na kunionyesha, "Yule ni dada yako." Nadhani ulitakiwa kulijua hilo zamani, na mimi nami sikukuambia, kwa sababu hukuuliza.

Bango la baa limepanda Ijumaa. Mto, mierebi, herufi za dhahabu. Kona ya chini kulia nimetia sahihi. Bi Hallam ameniandikia kuniomba niifute. Nimemjibu ajenda hiyo ipelekwe kwenye kamati ndogo.

Ukurasa nakurudishia ndani ya bahasha hii. Huku hautakuwa salama, utaishia kwenye kioo. Ubandike mahali pake kwa gundi nzuri, ukingo ukienda kombo uende, na Biblia irudi juu ya kabati la vyombo.

Jambo la mwisho. Unaukumbuka ule ubao wa kaburi la babu, upande wa kaskazini wa kanisa, alioagiza uandikwe N na miaka yake tu? Hata hiyo N ilikuwa imeshafutika. Jana nilichukua ngazi fupi, kopo la rangi nyeupe na brashi nambari nne. Niliusugua hadi kwenye mbao safi, nikapiga magoti na goti langu bovu, nikaandika jina lake zima, herufi inchi tatu, ile G bila kuinua mkono. Katika vibao vyote vya Garrod nilivyoandika kijiji hiki, hicho ndicho cha kwanza ambacho hakuna aliyeniagiza. Mke wa daktari alipita na mbwa wake, akasoma, akamfupishia kamba, akaondoka bila kumwita jina.

Sahihi nimeiweka chini kama kawaida, lakini pamebaki nafasi kando yake, na siku hizi mkono wangu hautulii kama zamani. Ukija, nitakushika mkono uandike na jina lako.

Ndugu yako,
Wilfred Garrod